Pete ya Chuma Kwenye Mji wa Mtoni

Nilipelekwa Australia kwa sababu ya Kiingereza changu, si kwa sababu ya ufundi wangu. Nililijua hilo tangu siku meneja wa karakana yetu ya pampu, kule Jakobsberg, nje ya Stockholm, aliponiita ofisini na kuniambia kuwa mji mmoja mdogo, ndani kabisa ya bara lile, umenunua pampu yetu ya kuvuta maji ya mto na unataka watu wawili wa kwenda kuifunga.

"Huyu anajua pampu," alisema, akimwonyesha fundi mkuu aliyekaa kando ya dirisha. "Wewe unajua kuzungumza nao."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimekaa Stockholm miaka mitano, miwili nikiwa mwanafunzi wa ufundi niliyeletwa kutoka Tanzania, mitatu nikiwa mfanyakazi. Nilipanga chumba Spånga kwa mama mmoja mjane, na kila asubuhi nilipanda treni kwenda kazini pamoja na fundi huyo, kwa kuwa naye alipandia kituo hichohicho. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, mwenye viganja vipana kama koleo. Kazi yote niliyoijua alinifundisha yeye. Majira yangu ya kwanza ya baridi pale karakana aliniletea koti la marehemu kaka yake, akalitundika kwenye msumari wangu. Naliandika hili mapema ili nisionekane namchafua mtu. Nilimpenda fundi yule. Angekuwa mtu baki, hasira yangu ingeshapoa.

Tuliondoka mwezi wa pili, theluji imefika usawa wa madirisha. Siku ya nne tulikuwa ndani ya gari la halmashauri ya mji ule, vioo vimefunguliwa, vumbi jekundu linatuingia mdomoni. Mimi ni mtu wa Dodoma. Nilipoiona nchi ile, kavu, tambarare, yenye vichaka vya kijivu na jua lisilo na mzaha, nilicheka peke yangu kama mwehu. Fundi akaniuliza nacheka nini. "Nimefika nyumbani," nikamwambia. Neno lile linanitia aibu hadi leo.

Mji ulikuwa na barabara moja pana mno, nyumba za mawe za zamani, hoteli yenye roshani za mbao, na posta ambayo ukutani mwake ilichongwa mistari ya kuonyesha maji yalipofika kila yalipokuja mafuriko makubwa. Mto ulipita nyuma ya hoteli, chini sana, kati ya kingo ndefu za udongo, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Miti mikubwa yenye magome meupe ilisimama mizizi ikiwa nje, na kasuku weupe walipiga kelele juu yake tangu alfajiri. Palikuwa na gati la magogo, la ngazi tatu, lililobaki tangu enzi za meli za moshi zilizokuja kupakia sufu ya kondoo. Meli zenyewe zilikwisha zamani, lakini watu wa pale walizizungumzia kana kwamba zimeondoka jana. Walijivunia historia yao. Kila tuliyekutana naye alituuliza kama tumeshaiona jela ya kale.

Mama mwenye hoteli aliponiona mlangoni alikunja uso, kisha akauliza ninatoka wapi. Nilikuwa nimechoka, nikasema kwa mkato, "Sweden." Uso wake ulifunguka palepale. Akaniandika kitabuni, akanipa chumba chenye roshani, na tangu hapo nikawa bwana kutoka Sweden. Nilikaa kaunta ya baa, nikahudumiwa kama wageni wengine. Wenyeji wa asili wa nchi ile, watu weusi kuliko mimi, walikuwa wakinunua vinywaji vyao kwenye kidirisha kidogo nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka. Niliwaona siku ya kwanza. Niliendelea kukaa kaunta. Fundi hakuuliza kitu, nami sikumweleza, ingawa kazi yangu ilikuwa kumweleza kila kitu.

Karani wa halmashauri alitukabidhi kwa mzee mmoja aliyeshinda kwenye nyumba ya pampu. Pampu yao ya zamani ilikuwa ya injini ya dizeli, na mzee huyo ndiye aliyeiwasha, akaipaka grisi na kulala mlangoni pake kwa miaka mingi. Alikuwa mmoja wa wale weusi wa mto. Mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe fupi, kofia ya ngozi iliyopauka kwa jasho. Siku ya kwanza aliniangalia kwa muda mrefu, akaniuliza, "Wewe ni wa wapi hasa?"

Kwake yeye sikusema Sweden. Nikamwambia Tanzania, nikamchorea Afrika mchangani kwa bisibisi.

"Na ardhi ni yenu huko?"

"Ni yetu."

"Serikali nayo?"

"Nayo ni yetu."

Alicheka hadi akashika goti. "Sema tena, ndugu," akaniambia, nami nikasema tena. Alitumia neno la Kiingereza la ndugu wa damu, na kwangu mimi, niliyetoka nchi ambayo wakati ule kila mtu alimwita mwenzake ndugu, lilinikaa vizuri masikioni. Mchana tulikula pamoja kwenye kivuli cha nyumba ya pampu, mkate na nyama baridi ya kondoo, na chai aliyoichemsha kwenye kopo. Fundi alikula hotelini, jua lilimshinda. Mzee alinisimulia kuwa mama yake alizaliwa kwenye kona ya mto inayoonekana pale, kwamba serikali iliwapakia wote kwenye malori ikawapeleka mbali, na kwamba mama yake alirudi kwa miguu akiwa amembeba yeye mgongoni. Alisimulia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani.

Siku ya tatu palitokea ubishi. Ramani ilitaka mdomo wa bomba uwekwe kwenye kina, karibu na gati. Mzee alitikisa kichwa.

"Mwambie pale mchanga unahama," aliniambia. "Maji yakipanda na kushuka, bomba litaziba. Aliweke kwenye kona, chini ya ule mti ulioinama. Pale mto unajifagia wenyewe."

Nilitafsiri. Fundi hakuinua hata macho. "Ramani imechorwa na mhandisi," akasema kwa Kiswidi.

Tukaliweka karibu na gati. Baada ya siku chache mvua ilinyesha huko juu, mto ukapanda mkono mmoja, ukashuka, na tulipowasha pampu ikakohoa na kutema mchanga. Fundi aliifungua yote, akaisafisha kipande kwa kipande, kisha akaenda mwenyewe kusimama chini ya mti ulioinama. Kesho yake tulihamisha bomba. Nilikaa karibu na fundi na mzee siku nzima nikisubiri neno la kutafsiri. Halikuja.

Siku ya mwisho, pampu ikifanya kazi na maji safi yakitoka kila bomba la mji, halmashauri ilitaka kutufanyia heshima. Tulipelekwa kwenye jumba la makumbusho, yaani mahakama ya zamani na jela yake ndogo ya mawe nyuma. Aliyetutembeza alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnyofu mwenye hereni za lulu, aliyependa sana kazi ile. Alituonyesha kengele ya meli, usukani wake, mizani ya sufu, na picha za familia zilizoanzisha mji. Nilitafsiri kila kitu. Fundi alipiga picha za slaidi bila kupumzika; kamera ile alikuwa ameinunua kwa ajili ya safari hiyo tu.

Ndani ya jela sakafu ilikuwa ya mawe. Katikati yake ilipigiliwa pete ya chuma, nene kama kidole gumba, na kwenye pete kuna mnyororo mfupi.

"Hapa walifungwa weusi waliokamatwa mtoni," mama alisema. "Shingoni, wakati mwingine wanne au watano pamoja, wakisubiri hakimu afike na meli. Angeweza kuchukua wiki nyingi, maskini."

Nilimtafsiria fundi: hapa walifungwa weusi, shingoni. Nakumbuka nilivyolichagua kila neno la Kiswidi kwa uangalifu, kama mtu anayefanya mtihani. Neno maskini nililiacha, kwa sababu sikuelewa alikuwa anamhurumia nani, mfungwa au hakimu.

Kisha mama akanigeukia, anatabasamu. "Ingependeza sana ukisimama hapo, bwana. Kwenye picha pete peke yake haionekani ukubwa wake. Shika tu mnyororo."

Fundi hakuelewa. Akaniuliza anasema nini. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamtafsiria. Nilikuwa mashine ya kutafsiri kwa wiki mbili na mashine haikujua kusimama.

"Simama basi," fundi akasema, akiinua kamera. "Ni picha tu."

Nilisimama. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina pasi ya kusafiria ya nchi huru mfukoni, na nilisimama juu ya ile pete na kushika ule mnyororo, na ili mama yule asione aibu, nikatabasamu.

Nilipoinua uso nilimwona mzee mlangoni. Alikuwa ametumwa kutuchukua kwa gari kutupeleka stesheni. Alikuwa amevua kofia. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Akarudi nyuma, akaenda kutungoja kwenye gari.

Mzee ndiye aliyeendesha. Fundi alikuwa nyuma na mizigo, mimi mbele karibu na mzee. Tulipokaribia stesheni akaniuliza, macho barabarani, "Ndugu, ulijua ile pete ni ya nini?"

"Nilijua."

"Ulijua," akasema. Halikuwa swali. Kisha akaongeza, "Baba wa mama yangu alilala pale."

Kiingereza changu chote, kile kilichonipeleka upande wa pili wa dunia, hakikunipa sentensi moja. Pale stesheni mzee alimsaidia fundi mizigo, akampa mkono. Mimi aliniinamishia kichwa tu, kama mtu anavyomwitikia asiyemjua, akaondoka.

Kwenye ndege fundi alilala kama mtoto. Mimi nilikesha na hasira, na nitasema ukweli, wakati ule nilikuwa namkasirikia mzee. Nilijiambia angenielewa. Nilijiambia alipaswa kujua kuwa mtu akiwa mgeni hawezi kukataa. Ilinichukua wiki mbili nyingine, na kikombe cha kahawa, kujua hasira ile inamhusu nani.

Pale karakana Ijumaa mchana tulikuwa na kawaida ya kunywa kahawa na keki pamoja, meneja, makarani na mafundi wote. Chumba kile cha kahawa kilikuwa na bango ukutani la kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Nusu ya watu mle ndani walikuwa hawanunui machungwa ya huko. Karani wa mapokezi alivaa beji ya wapigania uhuru kwenye sweta, na alipenda kuniuliza habari za Msumbiji kana kwamba nimetoka huko asubuhi ile. Walikuwa watu wema. Nawaombeni mkumbuke hilo, kwa sababu mimi mwenyewe ndilo linaloniudhi zaidi.

Fundi alishusha mapazia, akawasha projekta. Tuliona kasuku. Tuliona gati, tukaona hoteli, tukaona posta na mistari yake ya mafuriko. Pampu tuliiona kwa pande zote nne. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Kisha nikatokea mimi ukutani, mkubwa kuliko nilivyo, nimeshika mnyororo, natabasamu.

"Na huyu," fundi akasema, "ndiye mfungwa wetu."

Wakacheka. Hakuna aliyecheka kwa ubaya. Karani mwenye beji alicheka na kunigusa bega, kama kusema, ona ulivyotoka vizuri.

Nilisimama, nikaenda kwenye projekta, nikaing'oa ile slaidi kwa vidole. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza. Ukuta ukawa mweupe mtupu.

"Unafanya nini?" fundi akauliza.

"Umepiga picha ngapi kule?"

"Sijui. Nyingi."

"Yuko wapi mzee wa pampu?"

Fundi akatazama projekta.

"Nimehesabu kasuku sita," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Umepiga kasuku, umepiga kengele, umepiga sahani ya nyama. Mtu aliyekuonyesha mahali pa kuweka bomba hayumo. Babu yake alifungwa shingoni pale mnapopacheka. Aliniambia mwenyewe."

"Hukuniambia," fundi akasema polepole. "Mimi sijui Kiingereza. Ungeniambia."

Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu alisema kweli. Nilimwambia maneno ambayo sikujua kama ninayo kwa Kiswidi. Nilimwita mpumbavu mbele ya watu aliofanya nao kazi miaka ishirini. Niliwaambia walichane lile bango lao ukutani. Nikamwambia karani mwenye beji aivue. Alianza kulia. Meneja akawasha taa, akasema kwa sauti ya kuliwaza, "Ni mzaha tu, tulia," na neno hilo tulia lilinifanya nitoke nje bila koti, kwenye baridi ya mwezi wa tatu, nikatembea hadi stesheni. Slaidi niliikanyaga kwenye changarawe ya jukwaa hadi ikawa unga.

Jumatatu meneja aliniita. Hakupaza sauti, pale hawapazi sauti. Alisema nimemwaibisha mtu mzima, na kwamba neno moja la kuomba radhi lingetosha kumaliza jambo. Nilimuuliza nani ataniomba mimi. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Hawakunifukuza. Walinihamishia banda la nyuma, kutoboa matundu kwenye vyuma, siku nzima peke yangu na mashine, na fundi akaanza kupanda treni ya mapema. Baada ya miezi sita nilipata kazi ya ghala Jordbro, upande wa pili kabisa wa jiji, nikaondoka. Hakuna aliyenizuia.

Hadithi hii niliisimulia mara moja tu wakati ule, kwa dada mmoja Mkenya, muuguzi, ambaye watu wa Afrika Mashariki tulizoea kukutana kwake Jumamosi. Wengine walikuwa sebuleni wakibishana siasa, sisi tuko jikoni, yeye anakata sukuma wiki, aliyotumiwa mbegu zake na mama yake akaiotesha kwenye makopo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anionee huruma.

"Kwa hiyo umemtukana Mswidi," akasema. "Yule mzee je? Umemwandikia?"

"Bado."

"Bado nini, na mwaka unakwisha? Hasira yako yote umeimwaga kwa watu wa kahawa. Yeye umempa nini?"

Niliondoka kwake nimenuna. Lakini niliandika. Nilikaa mezani Spånga majuma matatu kwa barua ya ukurasa mmoja. Niliandika kuwa nilijua pete ile ni ya nini na nilisimama hivyohivyo, kwa uoga, na kwamba siombi anisamehe ila nataka ajue kuwa sikulala usingizi mwema tangu siku ile. Niliituma kwenye halmashauri ya mji, nikaomba afikishiwe mzee wa nyumba ya pampu.

Jibu lilikuja wakati wa kiangazi, limepigwa taipu kwenye karatasi nzuri yenye picha ya meli ya moshi juu. Karani alishukuru kwa barua. Alisema pampu inafanya kazi ya ajabu, inajiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo halmashauri haikuhitaji tena mtu wa kuilinda, na kazi ile ilifutwa mwezi uleule tulioondoka. Wenyeji kadhaa walipata kufanya kazi pale kwa nyakati mbalimbali, aliandika, na hawakuweka orodha. Kama ningempa jina la mzee ninayemtafuta, angefurahi kuuliza.

Barua yangu ilikuwa ndani ya bahasha hiyo, imefunguliwa, imekunjwa upya.

Nilikaa nayo mkononi. Wiki mbili tulikula mkate mmoja. Nilijua mama yake alizaliwa wapi, nilijua babu yake alilala wapi, nilijua anaweka sukari kiasi gani kwenye chai. Alikuwa akiniita ndugu, nami nilikuwa nikimwita mzee, na niliona hiyo ndiyo heshima. Sikuwahi kumuuliza jina.